Barakoa za Dolina

Jumatano, 9 Oktoba 2019

Mvua tangu alfajiri. Upepo wa kukata masikio. Nilipita kwa Dolina kumrudishia sufuria – banda lake la nyuma limeshajaa takataka! Katoni mpaka darini. Chupa za maziwa, trei za mayai, mwavuli uliovunjika mbavu, soksi ndefu za nailoni zilizotoboka. Eti, "Usiguse kitu, Peigi, kila kitu kina kazi yake." Nani anataka kuvigusa!

Kisha akanionyesha. Mungu wangu. Alichukua chupa ya maziwa, akaikata kwa mkasi wa samaki, akaipasha kidogo juu ya jiko, akaibonyeza kwa dole gumba hapa na hapa – fuvu la mtu. Meno na yote. Mwanamke huyu tulikaa dawati moja shuleni, na mpaka leo sielewi vidole vyake vinajuaje. Alikuwa mpishi wa shule. Anakata plastiki kama anavyomenya viazi, bila kutazama, huku anasengenya.

"Mwaka huu mumeo namlaza chali," akasema.

Kila mwaka husema hivyo. Halowini ikifika watu wa kisiwa hiki hujifunika gubigubi na kuingia majumbani kimya, bila kutamka neno, na mwenye nyumba akisie nani ni nani. Wote lazima wapite kwetu, kwa sababu Murdo hajapata kumkosa mtu. Hata mmoja! Dolina anavalisha, Murdo anavumbua. Vita vyao hivyo, na wanavipenda kuliko chakula.

Nikacheka naye. Kicheko cha uongo mtupu. Juzi Murdo alisimama mbele ya jokofu akaniuliza jirani yetu wa upande wa kulia ni nani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Amelitaja mwenyewe leo. Tulikuwa mezani, samaki wa chumvi na viazi. Akaweka uma chini.

"Peigi, nyuso zinanitoka. Na majina. Padri alinisalimia nikamwonyesha mita ya umeme, nikidhani amekuja kuisoma."

Nikacheka. Akacheka. Halafu akaacha kucheka na mimi nikabaki peke yangu na mdomo wazi.

Daktari wa bara alitueleza tangu kiangazi, akatupa vidonge. Hapa kisiwani hajui mtu. Murdo aliniapisha na nimefunga mdomo. Leo akaniambia kinachomsumbua: Halowini. Akishindwa kumtambua mtu mbele ya kadamnasi, habari itakuwa imezunguka kisiwa kabla chai haijapoa. "Na nikishindwa, mama, mlango ule sitoki tena. Nitakaa ndani."

Murdo akae ndani! Mtu aliyezungusha lori la taka kisiwa kizima ujana wake wote, akisimama kila geti kupiga soga mpaka ofisi ikamwandikia barua!

Nikamwambia basi tuzime taa mwaka huu, tuseme tuna mafua. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Nyumba hii haijapata kuzima taa Halowini, akasema, na hatuanzi leo.

Mkaidi. Na ukaidi huohuo ndio niliompendea, sasa nimlalamikie nani?

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimetoa picha za harusi ya akina Galbraith, wale wafuga bata, na kumfundisha majina, kidole kwenye kila uso. Alijitahidi. Aliniambia "ndiyo, mwalimu." Alipofika kwa mtoto Ishbel Galbraith akasema ni Flora. Flora ni nyanya yake, tumemzika.

Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Balaa. Au sijui niiteje.

Murdo alinifuata kwa Dolina, nilikuwa nampelekea magazeti ya kulowesha. Mlangoni tu, kofia mkononi, mchangamfu: "Hujambo Dolina, na mumeo hajambo?"

Mume wa Dolina amelala makaburini miaka na miaka. Murdo mwenyewe alibeba jeneza.

Dolina hata kope hakupepesa. "Hajambo, shemeji. Yuko vilevile." Na mkasi ukaendelea kukata.

Nilitaka kumvuta Murdo twende zetu, lakini alikwishaingia bandani, anashikashika. Akainua trei ya mayai. "Hii ya akina Galbraith. Mayai ya bata, tazama shimo lilivyo pana." Akageuza bati la biskuti. "Hili la padri. Tangawizi tupu. Halafu Kwaresima anatuambia anafunga!" Akazunguka banda zima hivyo – chupa ya yule, gunia la huyu, bati la nani aliyeanza kunywa tena. Hakusita. Sura yake ilirudi. Nilikuwa sijaiona sura ile tangu masika, na nilisimama pale namtazama kama msichana.

Dolina aliacha kukata. Mkasi hewani. Alimtazama yeye, akanitazama mimi. Nikageuka dirishani kuangalia kondoo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Tangazo limebandikwa dukani, mwandiko wa Dolina, herufi kubwa kama za mtu anayefoka: MWAKA HUU KILA MTU ALETE TAKA ZA NYUMBANI KWAKE. HAKUNA KUAZIMA.

Wenye duka wanacheka. Eti Dolina amezeeka, Murdo atatunasa wote kwa mapipa yetu wenyewe! Dolina atashindwa mapema kuliko mwaka wowote!

Mimi sikucheka. Nilisimama na mkate wangu mkononi, masikio yanawaka moto. Amegundua. Na sasa anatuonea huruma, mbele ya watu, kwa herufi kubwa! Sitaki huruma ya Dolina. Nimelala njaa bila huruma yake, nimezaa na kuzika bila huruma yake. Kesho kutwa baada ya misa namwendea, na atanisikia.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilimwendea. Nguo za kanisani, kidole juu.

Nikamwambia yote: nani kakuomba, nani kakutuma, sisi si wa kufanyiwa sadaka. Aliniacha nimalize. Alikuwa amevaa aproni, mikono imejaa uji wa unga mpaka kwenye viwiko, anabandika vipande vya gazeti juu ya puto. Pua ilikuwa inatokea. Hata nikiwa na hasira niliiona ile pua inavyotokea.

"Umemaliza? Huruma gani?" akasema. "Mumeo amenigaragaza kila mwaka tangu nina kiuno. Mimi nataka kumshinda Murdo. Nikimpiga akiwa hivi alivyo, nitakuwa nimempiga nani? Niende nijisifu kwa nani? Ng'o! Na ufunge huo mlango, upepo unanipeperushia mabawa."

Nikafunga mlango. Nikakaa juu ya ndoo. Nikalia, basi, nikalia kama mtoto aliyeangusha kikombe, na Dolina akanisukumia gazeti kwa kiwiko. "Ukimaliza kulia chana vipande. Vyembamba. Siyo hivyo, vyembamba!"

Nimechana mpaka giza. Hakuniuliza hata swali moja.

Jumatano, 23 Oktoba

Banda limekuwa soko. Wanakuja na magunia ya taka zao, wanaona haya kidogo – nyumba ya mtu ndani ya gunia! Dolina anamwaga sakafuni, anaweka mikono kiunoni, anatazama. Namtazama anavyotazama. Halafu anasema tu: "Wewe joka." Au: "Wewe utakuwa ndege, kaa chini." Wanakaa.

Ishbel Galbraith ndiye joka. Trei za mayai ya bata kutoka puani mpaka mkiani, moja imepanda juu ya nyingine, ukimtikisa zinagongana kama meno. Ulimi ni utepe wa kufungia zawadi. Mabawa ndiyo ule mwavuli. Msichana alijiona kwenye kioo akasahau kufunga mdomo. "Bibi Dolina, huyu ni mimi kweli?" Dolina akamjibu, "Ndiyo, na ukikohoa utabomoka."

Padri amekuja na mabati yake. Anakuwa askari wa vita vya zamani, kifua chote bati la tangawizi, limegeuzwa ndani nje linang'aa. Hawezi kuinama. Alijaribu kupanda gari lake akabaki wima nje anatuomba msaada, na hakuna aliyeweza kumsaidia kwa kucheka. Mimi mwenyewe nilishika mbavu. Ni lini mara ya mwisho nilicheka hivyo?

Hakuna gundi ya dukani. Uji wa unga na chumvi kidogo panya wasile. Hakuna rangi ya dukani – masizi, chai nzito, maji ya kabichi nyekundu. Nywele za mchawi ni kamba ya nyavu iliyofumuliwa. Chunusi za mchawi ni shayiri! Ningeishi mara mbili nisingefikiria shayiri.

Murdo nyumbani alikuwa ameweka chumvi kwenye chai. Akainywa yote ili nisijue.

Jumapili, 27 Oktoba

Dolina amenishika mkono nje ya kanisa. "Siku yenyewe wewe hukai ndani."

Nikamuuliza ana maana gani. Siku hizi, watu wakiingia, mimi husimama kando ya kiti cha Murdo na kumnong'oneza. Midomo tu, bila sauti. Nilidhani hakuna anayeona.

"Hata kipofu anaona," Dolina akasema. "Ukibaki pale, akipatia watasema ni wewe. Akipatia peke yake, ni yeye. Mwachie."

"Nitakuwa wapi basi?"

"Pamoja nasi, ndani ya barakoa. Niletee taka zako."

Mimi! Sijavaa barakoa tangu niolewe. Kazi yangu ilikuwa birika na sahani. Nikakataa. Halafu nikaenda nyumbani nikafungua kabati chini ya sinki.

Jumanne, 29 Oktoba

Gunia letu. Makasha ya majani ya chai. Vifuniko vya jemu ya machungwa machungu, Murdo hali nyingine. Magazeti ya mafumbo ambayo zamani aliyajaza yote kwa wino na sasa yako nusu. Pakiti tupu za vidonge nilizificha chini kabisa, ndani ya mfuko wa mkate, mfuko ndani ya mfuko.

Dolina alimwaga, akazikuta kwanza.

Alizishika zile za rangi ya fedha, vishimo mfululizo, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nilitaka kumnyang'anya. Akachukua mkasi, akakata kishimo kimoja kimoja, mviringo safi, akavitunga kwa uzi wa ndoano. Kimoja juu ya kingine. Akavitikisa.

Magamba. Magamba ya samaki jamii ya samoni, aliyetoka majini sasa hivi.

Nimekaa na zile pakiti tangu kiangazi, kila nikiificha moja nilihisi natupa siku ya Murdo jalalani. Na mwanamke huyu akazifanya kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvaa, gauni la harusi likiwemo. Sijui nimwambieje. Nimemwambia magamba ya mkono wa kushoto yamelegea. Akaniita mshenzi, tukaendelea.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimejaribu. Kichwa cha samaki mpaka mabegani, kimetengenezwa kwa mafumbo ya gazeti, macho ni vifuniko vya jemu. Magamba mpaka magotini. Glavu za kazini za Murdo ndizo mapezi. Dolina alifunga kamba shingoni fundo lake la kisirani, akanisukuma mbele ya kioo.

Mimi simo. Nimejitafuta simo kabisa.

Nikaanza kulia humo ndani, uji wa unga ukalainika kidevuni, Dolina akafoka, "Usiniharibie kazi!" akaleta kikausha nywele.

Murdo usiku alikuwa na wasiwasi. Alijipigia pasi shati mwenyewe. Nikamsikia chumbani anarudia majina kwa mnong'ono, polepole, kama mtoto anayesomea komunyo. Nikajifanya nimelala fofofo ili asijue nimesikia.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mchana. Nimechonga turnipu mbili, mboga ya mizizi, ziwe taa za Halowini, mkono umevimba, ngumu kama jiwe hizi. Pudingi iko sufuriani ndani ya kitambaa tangu asubuhi. Nimemwambia Murdo nakwenda kumsaidia Dolina kuvalisha watu, nitachelewa. Amesema sawa. Nimemwambia tena. Amesema, "Peigi, nimesikia, nenda!" Vifungo vya shati vimepishana kimoja. Sikuvigusa.

Jioni. Naandika na glavu moja, nyingine nimeivua. Niko kwangu, kwenye kiti changu karibu na moto, kichwa cha samaki bado kichwani. Daftari lilikuwa kapuni chini ya sufu ya kufumia. Naandika haraka.

Tuliingia kundi zima, kimya. Mvua inatuchuruzikia. Murdo kitini, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Niliomba. Sijui niliomba nini.

Alianza na joka. Alilizunguka. Muda ukapita, jamani, muda ukapita mpaka nikasikia moto unavyolia. Akagusa shingo, kidole kikaingia kwenye shimo la trei. Kikakaa humo.

"Bata," akasema. Halafu: "Geti la kijani. Mbwa mwenye jicho moja." Halafu, jina likaja limefuata nyumba yake: "Ishbel Galbraith, toka humo!"

Ishbel alipiga kelele za furaha akabomoka mkia.

Na baada ya hapo nani wa kumzuia! Padri hakumaliza hata kuingia. "Tangawizi! Baba, vua bati hilo kabla hujapigwa na radi." Yule wa magunia ya mbegu. Yule wa chupa za dawa ya kondoo. Kila mmoja alimshika, akamsoma, akaenda getini kwake kichwani mwake na kurudi na jina. Mchawi wa kamba alikuwa na kofia ya makopo. Murdo aliinusa. "Dolina. Hata ukifa mzimu wako utanuka chakula cha paka."

Nyumba ililipuka. Dolina akavua, akarusha kofia chini, akapiga mguu, "Mwizi wewe! Umechungulia!" na machozi yanamtoka. Sijapata kuona mtu aliyefurahi kushindwa namna ile. Nilimpenda pale mpaka kifua kikaniuma. Wote walikuwa wanampigapiga Murdo mgongoni, mabingwa hawazeeki, mzee Murdo ni yuleyule, na yeye anacheka, mrefu, shati limepishana vifungo.

Halafu Dolina akawaswaga wote nje, nyumba nyingine zinangoja. Aliniangalia akanipita. Mlango ukafungwa.

Nikabaki mimi.

Alinijia taratibu. Hakuwa na hofu tena, ilikuwa furaha tupu, alikuja kama mtu anayejiongeza sahani ya pili. Akagonga jicho langu kwa ukucha. "Jemu ya machungwa machungu. Mtu wa maana huyo." Akasoma kidevu changu. "Mafumbo. Aliyejaza hapa alikuwa hodari… hapa alichoka." Akanusa bega. "Chai, chai, chai. Watu wawili, watoto wamekwenda zao."

Akashika magamba. Akayageuza kwenye mwanga kama Dolina alivyoyageuza.

"Na vidonge," akasema. "Hapa kuna mgonjwa."

Akashusha mikono. Sauti ikawa ya chini, ile sauti yake ya getini, ya watu wenye msiba. "Pole sana, bibi. Ni mzee wako?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kichwa chote cha samaki.

"Anakusumbua?"

Nikakataa. Nilikataa mpaka karatasi ikalia.

"Nyumba naijua," akasema. "Kabisa naijua. Nyumba nzuri. Jina ndilo…" Akapapasa mdomo wake kwa vidole viwili. Hakuogopa, hakuona aibu. Akanishika kiwiko akaniketisha hapa, kwenye kiti changu mwenyewe, akachochea moto ili nipate joto. "Kaa hapa ukauke, bibi. Nimwite mke wangu. Yeye ndiye mwenye majina, hakosei yule. Utampenda."

Amesahau nilikokwenda. Yuko jikoni sasa, nasikia anafunua sufuria. "Peigi!" Sasa chumbani. "Peigi, mama, njoo! Tuna mgeni!" Anafungua kabati la koridoni – ati niko kabatini! Anaita bila kusita, bila kutafuta. Peigi. Peigi. Kama alivyoniita jana, kama alivyoniita nikiwa na miaka kumi na tisa. Sauti ya mtu anayejua anaitikiwa.

Anarudi huku. "Peigi? Mgeni wa watu anangoja!"

Fundo la Dolina hili halifunguki kwa mkono mmoja. Naweka kalamu chini